Kichwa bado hakijafika

Wadau, Idd el Fitr ya mwaka 2023 nilikwenda kuila kwetu Makoongwe. Kwa wasiokujua, ni kisiwa kidogo kinachotazamana na bandari ya Mkoani, Pemba. Ukishashuka kwenye boti ya Unguja pale Mkoani unateremka pwani, unapanda kidau cha mashine, na kabla hujamaliza kuulizana hali na wenzako umeshafika. Samaki tele, minazi tele, hadithi tele. Treni hakuna, si kwetu wala Pemba nzima.

Sasa hebu fikirini nilichokikuta uwani kwa dada yangu. Treni! Mpwa wangu, wakati huo ana miaka 10, alikuwa ameunda mabehewa 5 ya maboksi na bati za makopo. Madirisha kayakata kwa wembe yakakaa sawasawa, magurudumu ni ya ndara kuukuu zilizoletwa na maji, yote yameunganishwa kwa mshipi wa kuvulia na kupakwa rangi ya buluu iliyobaki baba yake alipopaka chombo. Kaazi kweli kweli! Nikamsifu, halafu nikauliza swali ambalo mtu yeyote angeliuliza: kichwa kiko wapi?

"Bado hakijafika, mjomba."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akaingia ndani akatoka na kipande cha gazeti, gazeti letu, nililompelekea mimi mwenyewe, lenye picha ya mabehewa 14 ya reli mpya yalipowasili bandari ya Dar es Salaam Novemba 2022. Ndiyo aliyoyanakili. Kichwa hajakiona pichani, na kubuni hakutaka. Alikuwa anangoja cha kweli kifike ili atengeneze kama kilivyo. Chini ya picha, katika habari yenye jina langu, palikuwa na mwezi ambao majaribio yangeanza. Mwezi huo ulikuwa umeshapita.

"Hapa umeandika wewe," akaniambia, kidole juu ya jina langu.

Nilijitetea kama wanavyojitetea waandishi wote: mimi nimenukuu tu, aliyesema ni fulani. Mtoto akaniangalia. Akayafunga mabehewa yake kamba, akaanza kuyaburura mwenyewe mchangani.

Niliporudi Dar sikupata raha. Nikaanza kuchimba, kwanza kwenye majalada ya magazeti ya zamani, kisha kwenye vitabu vya historia ya reli. Nilitaka kujua kama huu ugonjwa wa treni kuwa na mwili bila kichwa ni wa juzi au tumezaliwa nao. Nilichokikuta kimenichekesha na kuniudhi kwa pamoja, kwa sababu kisa cha kwanza kabisa kilitokea kwetu, Zanzibar, zaidi ya miaka 140 iliyopita.

Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alikuwa mtu wa kupenda mambo mapya. Ndiye aliyeleta maji ya bomba mjini na ndiye aliyejenga Beit el Ajaib mwaka 1883. Alikuwa pia na kasri la kupumzikia Chukwani, kusini ya mji. Basi mwaka 1879 akaamua mji na Chukwani viunganishwe kwa reli. Reli ikalazwa, kama maili 7 hivi, yaani kilomita 11. Yakaletwa mabehewa mawili ya Pullman, jina ambalo zama zile lilikuwa ndilo kilele cha starehe ya reli duniani. Kila kitu kipo. Kasoro kichwa!

Mnadhani Sultani alifanya nini? Alifunga baghala. Naam, baghala, wale nyumbu wa kubebea mizigo. Fikirini mandhari yenyewe: mabehewa ya kifahari, ndani kuna wakubwa wenye majoho na majambia, mbele kuna mnyama anatingisha masikio na kufukuza nzi. Kichwa chenyewe kiliagizwa mwaka 1881 kutoka kiwanda cha Bagnall, kule Stafford, Uingereza, kiwanda ambacho chenyewe kilikuwa kimeanza miaka 6 tu nyuma, 1875. Kilikuwa kijichwa kidogo cha mvuke chenye magurudumu manne, lakini angalau kikawapumzisha baghala.

Hesabuni wenyewe. Reli 1879, kichwa kuagizwa 1881. Sultani mwenye mali ya karafuu na meli zake mwenyewe baharini aliweza kulaza chuma maili 7, halafu akakaa akisubiri. Na alipofariki mwaka 1888 mambo yakaishia hapo, reli ikang'olewa na kichwa kikawa chuma chakavu. Leo wengi wanaokwenda Chukwani wanakwenda kwenye Baraza la Wawakilishi, na sijui ni waheshimiwa wangapi wanaofahamu kwamba upande ule wa kisiwa ulikuwa na treni kabla ya Nairobi kuwa mji.

Wengi wanaijua ile ya pili, ya Bububu. Hiyo ilikuja mwaka 1905, ikajengwa na kampuni ya Kimarekani, Arnold Cheney & Co. ya New York, kutoka mbele ya Ngome Kongwe hadi Bububu, nayo kama maili 7. Hapa hatusikii habari ya baghala. Ilianza na mashine zake za moshi zikipita katikati ya mji, na mwenyeji aliyekaa dirishani angeweza karibu kumpa mkono abiria. Maelezo yangu ni rahisi na mtu anaruhusiwa kunipinga: wale walikuwa wafanyabiashara, na reli isiyo na kichwa haikusanyi nauli. Serikali iliinunua 1911, abiria wakaachwa kubebwa mwaka 1922 magari yalipozidi barabarani, ikabaki kusomba mawe ya kujengea bandari mpya hadi 1928. (Halafu wale wanaosema jina la Bububu limetokana na mlio wa treni hiyo, poleni. Bibi Salme, dada yake huyo huyo Barghash, ameitaja Bububu katika kitabu chake kilichotoka 1886, treni haijaota hata ndotoni.)

Upande wa pili wa maji, ambao sisi Wapemba tunaujua kuliko Dar, ni Tanga. Marehemu babu yangu alikuwa akienda Tanga kwa jahazi, na katika ukoo wetu yeye ndiye mtu wa kwanza kuiona treni. Alipokuwa akitusimulia hakuanza na treni ilivyo. Alianza na namna watu walivyokuwa wameketi stesheni na mabunda yao wakiisubiri. Nilikuwa mdogo, nikadhani babu anarefusha hadithi. Kumbe ndiyo hadithi yenyewe.

Reli hiyo ya Tanga Wajerumani waliianza mwaka 1893. Walipofika Muheza ilikuwa 1896: miaka 3 kwa kilomita kama 40! Kampuni ikaishiwa fedha na mwaka 1899 serikali ya Kijerumani ikaichukua. Korogwe ikafikiwa 1902, Mombo 1905, Moshi 1911. Miaka 18 kwa safari ya kilomita kama 350. Wakati huo huo Waingereza, walioanza Mombasa mwaka 1896, yaani nyuma ya Tanga kwa miaka mitatu, walishafika ziwani Kisumu Desemba 1901. Siwasifu, gharama ya damu ya reli ile, hasa ya vibarua walioletwa kutoka India, inajulikana. Nasema tu kwamba kuchelewa hakukuandikwa kwenye ardhi ya Afrika Mashariki. Kuchelewa kuna watu wake na fedha zake.

Na hata pale reli ilipokuwepo, vichwa vilileta shida. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia bandari ya Mombasa ilijaa mizigo, mashine za kuivuta hadi bara hazikutosha. Dawa yake kubwa ilikuwa yale madude yaliyoitwa Garratt daraja la 59, vichwa 34 vilivyojengwa na Beyer, Peacock kule Manchester na kuanza kazi kuanzia 1955, vikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Kimoja, Mount Gelai, kipo jumba la makumbusho ya reli Nairobi. Nenda ukakione, simama kando ya magurudumu yake, utaelewa kwa nini kitu kile hakinunuliwi dukani kama baiskeli.

TAZARA nairuka haraka, si kwa dharau. Ndiyo ile inayoharibu nadharia yangu: kilomita 1,860, ujenzi 1970 hadi 1975, ikakabidhiwa Julai 1976, na vichwa vya Kichina vipo tayari. Waliosubiri pale hawakusubiri sana. Shida ya vichwa ilikuja baadaye, kwenye milima, nayo ni habari ya siku nyingine.

Turudi kwenye treni ya mpwa wangu.

Jiwe la msingi la reli ya kisasa, kipande cha Dar es Salaam hadi Morogoro, liliwekwa na Rais Magufuli Aprili 2017. Muda uliotajwa ulikuwa miezi 30, yaani tungepanda treni Novemba 2019. Wakati huo mimi nilikuwa chuo, nakumbuka tulivyopanga safari ya Morogoro ya kula matunda, kundi zima, tarehe tunayo. Novemba ikaja ikapita. Ikaja corona. Machi 2021 Rais Magufuli akafariki. Reli inaonekana kwa macho, nguzo za umeme zimesimama, daraja refu linapita juu ya mji wa Dar. Treni iko wapi?

Hapo ndipo nilipofanya kazi ambayo ningeifanya kabla ya kuandika ile habari ya kwanza. Nilichukua karatasi, nikaandika tarehe mbili. Ya kwanza, siku treni iliyoahidiwa ilipaswa kuanza: Novemba 2019. Ya pili, mwezi ambao mkataba na Hyundai Rotem ya Korea Kusini ulisainiwa, wa vichwa vipya 17 vya umeme na seti 10 za treni za mabehewa 8 kila moja: Julai 2021.

Someni tena. Kati ya tarehe hizo kuna miezi 20. Vichwa hivi vipya vilisainiwa miezi 20 baada ya siku ambayo treni ilipaswa kuwa imeshaanza. Sultani Barghash na baghala wake, miaka 140 baadaye! Tofauti ni kwamba safari hii baghala hawakuwepo, maana reli imejengwa kwa mwendo wa kilomita 160 kwa saa.

Na kichwa cha umeme si kitu cha kuagiza leo upokee mwakani. Behewa, pamoja na ufundi wake wote, halijivuti lenyewe. Kichwa kina transfoma ya kupokea volti 25,000 kutoka kwenye waya wa juu, mota za kuzungusha magurudumu, breki, na vyombo vya kuzungumza na mitambo ya ishara za njia hiyo hiyo na si nyingine. Kinachorwa kwa ajili ya njia maalumu, kinajengwa, kinajaribiwa kiwandani, kinasafirishwa, halafu kinajaribiwa upya juu ya reli yenyewe yenye umeme wake. Kwa hiyo ukisaini Julai 2021, mwenye akili anajua hiyo ni hesabu ya miaka. Mimi nilikuwa na uwezo wa kuijua. Tarehe ya mkataba ilikuwa imetangazwa, haikuwa siri. Lakini kila kiongozi aliposimama na kutaja mwezi, tuliuandika ule mwezi, tukaweka picha, tukaenda kula. Hakuna aliyenyanyua mkono kuuliza: mheshimiwa, kichwa kimeagizwa lini?

Sijisemi peke yangu. Lakini jina lililokuwa kwenye kipande cha gazeti Makoongwe lilikuwa langu.

Kichekesho ni kwamba mwaka ule ule wa 2017 tulikuwa na vichwa vya ziada. Mnakumbuka? Rais Magufuli alisema hadharani kuwa kuna vichwa vya treni zaidi ya kumi vimeshushwa bandarini Dar es Salaam na haijulikani nani kaviagiza. Vichwa vya dizeli, vya reli ile ya zamani. Nchi hii bwana! Huku reli inajengwa haina kichwa, kule vichwa vimeshuka havina mwenyewe.

Nilimweleza mwenzangu mmoja wa chumba cha habari kuhusu mpwa wangu na kichwa chake. Akanijibu kuwa huko Uingereza kuna watu wazima, wengine wastaafu wenye ndevu nyeupe, ambao kazi yao ni hiyo hiyo. Nikafuatilia, kweli. Wanakusanya vichwa vya treni vidogo, vya kuwekwa mezani, vilivyonakiliwa msumari kwa msumari. Kampuni maarufu ni Hornby, iliyoanza kutengeneza treni za kuchezea mwaka 1920. Miaka ya 1990 ilihamishia uzalishaji China, na ilipofika mwaka 2012 hivi ikapata matatizo makubwa na kiwanda kilichokuwa kikiitengenezea, vichwa vilivyotangazwa vikachelewa na biashara ikaumia. Katika mchezo huo ni kawaida kampuni kutangaza kichwa kipya kabla hata kalibu za kukitengenezea hazijachongwa. Picha inatoka, mteja anaweka oda, kisha anakaa. Mwaka, miwili, mara nyingine zaidi. Hasira zao, nawaambieni, nimezisoma, si za mchezo. Mzee anaandika kwamba anaogopa kufa kabla kichwa chake hakijafika.

Mwanzoni nilicheka. Kisha nikamkumbuka Barghash, nikamkumbuka babu na watu wake wa stesheni. Anayetangaza tarehe anapata sifa siku ile ile. Anayesubiri ndiye anayeilipia. Mzee wa Uingereza analipa kwa mfuko wake. Mfanyabiashara wa Morogoro aliyejenga gesti karibu na stesheni mpya akitegemea abiria wa 2019 alilipa kwa riba ya benki. Hao ndio tulipaswa kuwaandika, sisi tukaandika mabehewa.

Tuwe wakweli pia: vichwa vilifika. Vya kwanza vya umeme viliingia mwishoni mwa 2023. Februari 2024 yakafanyika majaribio hadi Morogoro. Tarehe 14 Juni 2024 abiria wa kwanza wakaondoka Dar kwenda Morogoro, 25 Julai ikafika Dodoma, na tarehe 1 Agosti Rais Samia akaizindua rasmi. Niliipanda Juni ile. Sitasema uongo, nilifurahi kama mtoto. Treni ilipoondoka haikupiga kelele yoyote, mama mmoja kando yangu akauliza kama bado tumesimama, kumbe stesheni imeshapotea nyuma.

Kabla ya kupanda nilikuwa nimekipiga picha kichwa. Mbele, ubavuni, magurudumu, hadi kile kikono cha juu kinachogusa waya. Picha kama 20 hivi, nikazituma kwenye simu ya dada yangu na ujumbe: mwambie kimefika. Dada akajibu jioni: "Kaziona. Kasema ahsante. Kaenda pwani na babake."

Novemba 1 mwaka huo ikaanza ile nyingine, ambayo watu wameibatiza mchongoko kwa pua yake iliyochongoka. Na hapo mambo yanazidi kuchekesha, kwa sababu mchongoko hauna kichwa cha kufungwa mbele na kufunguliwa. Mota ziko chini ya mabehewa yenyewe, dereva anakaa kwenye behewa la mwisho upande wowote inakoelekea. Nikasema safi, hii ndiyo itamfurahisha: mabehewa yake anayo tayari, achonge pua mbili tu. Nikaisafisha picha moja kubwa, ya karatasi, nikaifunga vizuri.

Idd ya 2025 nikashuka tena Mkoani, nikavuka. Mpwa wangu sasa ana miaka 12, sauti imeanza kukwaruza. Nilimkuta pwani, mbele yake boti ya ubao mwepesi, yenye kimota alichokitoa kwenye kitu fulani kilichokufa, betri mbili, na panga la bati. Inakwenda kweli, majini, mita kadhaa, halafu inageuka upande. Alikuwa anahangaika na usukani. Nikampa picha. Akajifuta mikono, akaitazama kwa heshima zote.

"Nzuri, mjomba. Pua yake kama ya papa."

"Basi malizia treni yako."

"Ile nishampa huyu," akasema, akaashiria nyuma kwa kidevu.

Mdogo wake, miaka 5, alikuwa anapanda kutoka pwani na kamba begani. Behewa moja lilikuwa limekatika, yamebaki manne, buluu imeshababuka. Ndani ya la kwanza kampakia mwanasesere, ndani ya mengine kajaza makombe. Alipotufikia akasimama, akaniamkia, akakaza kamba, akaendelea kuyavuta kuelekea nyumbani.